Umri wa Mimba Kwanza

Kwenye masomo yangu ya uzamili ya afya ya jamii, wenzangu wanashabikia programu za kompyuta za kutabiri mtoto atakayedumaa tumboni. Mimi napinga. Tunaezeka paa kabla ya kusimamisha ukuta.

Mtoto huhesabiwa mdogo anapokuwa miongoni mwa 10 wenye uzito wa chini kabisa kati ya 100 wa umri uleule wa mimba. Umri usipojulikana, utamtofautishaje aliyedumaa na yule ambaye wiki zake hazijatimia?

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, kwani mapema ndipo umri husomeka vizuri. Hapa Tanzania wengi huanza kliniki mimba imeshapita miezi mitatu, na umri unaoandikwa kwenye kadi ni wa kukumbuka hedhi ya mwisho. Halafu tunawaita wazembe, ilhali kipimo kiko mjini na nauli ni yao.

Hata dawa haisubiri. Aspirini ya dozi ndogo, kwa walio hatarini, hufaa zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Kondo la nyuma likishashindwa kumlisha mtoto, hakuna kidonge cha kulifufua. Kinachobaki ni kumfuatilia na kumzalisha mama kwa wakati.

Basi fedha za utabiri zianzie zahanati: altrasaundi ya mapema, bure, na mkunga anayejua kuisoma. Kompyuta zije baadaye, zikute kadi zenye umri wa kweli.