Kunyamaza kwa Mnyama si Kutoumia

Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, si nchi ya farasi. Mbung'o wa mapori ya miyombo hawampi nafasi, na hata punda waliotoka pwani na misafara ya Ujiji katika karne ya 19, wengi wao walifia njiani. Mnyama wa Waha ni ng'ombe. Na huko, kama ilivyo karibu katika kila kijiji chetu, ng'ombe dume huhasiwa hivi: huangushwa kwa kamba, wanaume wakamkalia, kisu kikapita au koleo ikabana. Hapana ganzi, hapana sindano. Akifunguliwa akasimama kimya, watu husema, "Mwaona? Hakuumia."

Uwongo ulioje! Ng'ombe, punda na farasi ni wanyama wawindwao, na mwenye kulia hujitangazia simba. Ndiyo maana huficha maumivu yao, na punda huficha kupita wote.

Sasa natuulizane, ndugu Waislamu. Bwana Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kunoa kisu na kumstarehesha mnyama tunayemchinja, naye ni mnyama wa kufa saa ile ile. Je, huyu atakayeishi na kidonda chake, haki yake ni ndogo zaidi? Na sisi watu wa pwani tunaojinasibisha na Imamu Shafi, mbona twaisahau kauli ya madhehebu yetu? Imamu Nawawi ameeleza kwamba mnyama asiyeliwa ni haramu kumhasi, na anayeliwa huruhusiwa angali mdogo tu, akisha kuwa mkubwa ni haramu. Basi huyo punda wako uliyemhasi umemfuata nani? Na hilo fahali la miaka minne?

Atatokea mtu aseme kuwa dawa ya ganzi ni anasa ya Wazungu. Lidokaini ni dawa hiyo hiyo tunayochomwa ufizini tunapong'olewa jino. Kwa jino lako ni lazima, kwa nyama ya ng'ombe ni anasa! Mwingine atasema kulevya ni haramu. Mnyama hakukalifishwa, bwana, na mafakihi wameruhusu dawa ya kupoteza fahamu hata kwa binadamu panapokuwa na haja ya tiba.

Lakini pana kosa jingine, nalo ni la wale wanaojiona wameelimika. Hununua chupa ya zailazini, dawa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1962, wakamdunga mnyama akainamisha kichwa na kusinzia, kisha wakaingiza kisu. Dawa hiyo hutuliza kuliko inavyoondoa maumivu, na farasi aliyesinzia kwayo aweza kukupiga teke ghafula. Ni lazima kidonda chenyewe kitiwe ganzi. Tena ng'ombe humtosha kama sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Anayesoma kipimo cha farasi akamdunga ng'ombe wa Kasulu aweza kumuua. Mwite mganga wa mifugo, usimwite muuza duka. Umwulize pia siku za kungoja kabla ya kula nyama na kunywa maziwa, maana dawa hubaki mwilini.

Wala dawa isiwe hila. Huko Marekani mwaka 1968 farasi Dancer's Image alishinda mbio za Kentucky Derby, akavuliwa ushindi kwa kuwa mwilini mwake mlionekana fenilibutazoni, dawa ya maumivu. Anayemtuliza punda mwenye kuchechemea ili abebe mawe kutwa hana tofauti na hao. Amezima kilio akaacha ugonjwa.

Msidhani haya ni ya bara peke yake. Lamu, mji wa misikiti na maulidi, umebebwa na punda tangu zamani, mchanga, matumbawe, maji na hata maiti wa nyumba zinazojengwa upya. Zahanati ya punda ilifunguliwa huko mwaka 1987, na waliofungua ni jumuiya kutoka Uingereza. Sisi wenye hadithi ya punda aliyetiwa chapa usoni, Mtume akamlaani aliyemtia, tulikuwa wapi?