Na Dada Zake Je?

Wiki hii tuongelee mshiko wa maana. Wengi mnaota ghorofa. Mie nawaambia tazameni zile nyumba za Kiswahili za Magomeni: korido katikati, vyumba sita, choo na jiko uani. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Barabara ya Morogoro mwaka 2016, kukaa jirani na kituo ni dili. Badili mabati, vuta maji, kila chumba kipe luku yake (ugomvi wa umeme huua urafiki, wapangaji mnanielewa!), kodi inapanda yenyewe.

Lakini ngoja. Mie nusura nilie. Dalali alinipeleka kwa kijana mmoja, nyumba ya marehemu baba yake, hati mkononi, bei poa. "Kaka, wahi, kesho kuna mtu anakuja na keshi." Akiba yangu ya miaka saba ikaanza kuniwasha mfukoni! Nikazunguka uani kuangalia choo. Mama mmoja mpangaji, anakuna nazi, hata hakuinua kichwa: "Mwanangu, na dada zake watatu wamekubali?"

Loo! Hawakuwa na habari. Kumbe nyumba ya urithi huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, siyo yeyote aliyeshika hati. Na muuzaji mwenye ndoa, nyumba wanayoishi haiuzi bila ridhaa ya mwenzake. Kafanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata senti.

Yule mama tunasalimiana mpaka leo. Nyumba? Ingali mahakamani.