Masika ni neema shambani, kero njiani

Machi inapoelekea ukingoni na mawingu kutanda juu ya milima ya Usambara, mkulima wa Lushoto hupata furaha ambayo mtu wa mjini hawezi kuielewa. Vumbi linakufa. Mchicha na mnavu vinajiotea nyuma ya nyumba, majani ya ng'ombe hayafuatwi tena mbali na maziwa yanaongezeka. Jioni watoto wanagombania kumbikumbi kwenye taa, na mwenye bahati hukutana na uyoga njiani akirudi shamba.

Kero nazo hazikosi. Nyanya na viazi hushambuliwa na ukungu, na dawa iliyopigwa asubuhi huoshwa na mvua ya mchana, hivyo mkulima analazimika kurudi tena dukani. Hata hivyo, kero kubwa kuliko zote ni kuutoa mzigo shambani.

Lami inayoteremka kutoka Lushoto hadi Mombo kupitia Soni inapitika, labda udongo uporomoke na kuifunga. Balaa liko kwenye njia za vijijini. Fuso ikinasa kwenye tope siku mbili, nyanya za chini ya tenga zinaanza kutoa maji kabla hazijaiona Tanga wala Dar es Salaam. Mchuuzi analijua hilo, ndiyo maana hushusha bei shambani kabla hata ya kuona mzigo. Wakulima humwita mnyonyaji. Wapo wanyonyaji kweli, lakini mara nyingi mtu huyo anajikinga tu na hasara ya tope, na anayeilipa hasara hiyo ni mkulima mwenyewe.

Lawama zote hupelekwa kwa Serikali. Tangu mwaka 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, na ni haki kuuliza kwa nini greda lionekane mvua zikiwa zimekwisha badala ya kuja kabla hazijaanza. Lakini ukweli usemwe: nani aliyeziba mitaro? Wapo wanaolima hadi ukingo wa barabara, wakasukumia udongo kwenye mtaro ili wapate tuta moja zaidi la viazi. Maji yakikosa njia hupita katikati ya barabara na kuichimba. Tuta hilo moja linawapunguzia bei wakulima wa kijiji kizima, na serikali ya kijiji inamfahamu mwenye tuta kwa jina. Inaona haya kumwambia, pengine kwa kuwa ni jirani au shemeji wa mtu.

Februari, ardhi ikiwa bado kavu, majembe na makoleo ya kaya chache yanaweza kuzibua mtaro kwa siku moja. Aprili wanahitajika vijana wa kusukuma Fuso, nao hawagusi gari mpaka bei ikubaliwe.