Mshauri, Tuoneshe Namba Yako ya Usajili

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali ni njema, lakini katika pwani ya Mtwara imekuwa mwanya. Mvuvi wa Msimbati anayevua ili auze hutakiwa kuwa na leseni, na akiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, masharti huongezeka. Lakini anayeshuka garini na kompyuta mpakato, akajiita mshauri wa nishati jadidifu, huandaliwa kiti cha mbele.

Sheria zipo. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 inamkataza asiyesajiliwa kufanya kazi za kihandisi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe na wataalamu waliosajiliwa na NEMC. Anayefunga mitambo ya umeme anahitaji leseni ya EWURA. Kinachokosekana ni ofisi inayouliza kabla muhtasari wa kijiji haujagongwa muhuri. Kazi hiyo tumemtupia mwenyekiti wa kijiji, asiye na mwanasheria wala mhandisi, kisha mambo yakiharibika tunamlaumu kwa ujinga.

Majirani zetu wa Kilwa wanaijua bei yake. Kampuni ya Bioshape kutoka Uholanzi ilipata ardhi ipatayo hekta 34,000 katika vijiji vinne kwa ajili ya kilimo cha mbono wa kuzalisha mafuta. Mwaka 2010 ikafilisika. Miti ilikuwa imekwisha kukatwa, na ardhi ikabaki na mgogoro. Sidai kwamba vyeti vingeyazuia hayo. Nakumbusha tu nani hulipa ahadi ya kijani inapovunjika.

Nitaambiwa kwamba cheti si uadilifu. Naam, wapo wasajiliwa waongo. Lakini msajiliwa anaweza kushtakiwa kwenye bodi yake na kufutwa katika daftari. Ana jina, ana namba, ana cha kupoteza. Asiyesajiliwa tutamshika wapi? Usajili si ushahidi wa wema. Ni mpini wa kumshikia mtu akikosea.

Nitaambiwa pia kwamba tutawafukuza wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia swali la dakika tano angekimbia pia fidia.

Kwa hiyo nasema na watumishi wa halmashauri: mkutano wa kijiji kuhusu mradi wa nishati usiitishwe hadi majina na namba za usajili za washauri wote zibandikwe ubaoni, na ofisi yenu iwe imezihakiki kwenye bodi husika na kuweka sahihi. Nanyi wanafunzi mnaotoka vijiji hivi, likizo hii muulizeni mtendaji wenu swali hilo. Mei 2013, ghadhabu juu ya bomba la gesi ilipolipuka mitaani Mtwara, maswali mengi yalikuwa yamechelewa kuulizwa. Hili bado lina muda.