Waya si kamba

Kati ya Kitale na Bungoma, msafiri hakosi kuona hema limesimikwa uani, pawe pana harusi au matanga. Palipo na hema pana vipaza sauti, taa, na pengine jokofu la soda na birika la umeme. Umeme wenyewe huvutwa kutoka nyumba ya jirani kwa waya mrefu upitao juu ya nyasi. Ni nadra mtu kuuliza waya huo waweza kubeba kiasi gani.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa stima. Hata hivyo, naamini sehemu ya hatari hii imo katika lugha. Twasema "kuvuta umeme", kana kwamba waya ni kamba. Kamba ikizidiwa hukatika, mambo yakaisha. Waya ukizidiwa hupata joto, ganda lake likayeyuka, na moto ukazuka.

Natuitazame hesabu. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, na plagi yetu ya meno matatu hubeba ampea 13 tu, yaani wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikichomekwa katika ekstensheni moja, kikomo kimekwisha kupitwa hata kabla ya jokofu kuungwa. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 hustahili ampea 6 peke yake. Ukiachwa umezongwa kwenye gurudumu lake, joto hukosa pa kutokea. Tena mkondo ukizidi maradufu, joto la waya huzidi mara nne.

Lipo pia suala la jino la tatu. Wengi hutia kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya meno mawili ikubali kuingia. Plagi hiyo haina fyuzi wala njia ya kwenda ardhini. Kifaa chenye ganda la chuma kikiharibika ndani, aligusaye akiwa amesimama juu ya nyasi zilizolowa mvua huwa yeye ndiye njia.

Haya yote mwanafunzi wa fizikia huyajua. Huyakokotoa kwa Kiingereza, akapata alama, kisha akirudi kwao Kimilili au Kiminini hawezi kumweleza mjomba wake kwa nini jokofu lisiungwe hapo. Asiniambie mtu kwamba Kiswahili hakina maneno. "Umeme" lilikuwa jina la radi imulikayo angani kabla halijawa jina la kinachowasha taa. "Stima" lilikuwa jina la meli ya moshi. Lugha imekwisha kufanya kazi yake. Iliyobaki ni yetu.

Nawasihi walimu wa fizikia na wa Kiswahili washirikiane. Kila mwanafunzi na aandike maelezo mafupi ya kusomwa nyumbani: jumlisha wati kwanza, kunjua waya wote, uepushe na maji na miguu ya watu, tumia kifaa kinachokata umeme unapovuja, na kazi iliyo kubwa mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Lakini tahadhari isiyosemwa kwa lugha ya msikilizaji haimfikii, na hema la matanga halifai kuzaa matanga mengine.