TIMU HUOTA KWAO

Dodoma Jiji na Ihefu ya Mbarali zilipanda Ligi Kuu mwaka mmoja, 2020. Dodoma Jiji ilibaki kwao. Ihefu ilihamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars.

Hatuwaonei kijicho ndugu zetu wa Singida. Nchi ya kati ina haki yake: tangu ligi ianze mwaka 1965 hadi 2025, ubingwa haukufika Dodoma wala Singida. Lakini haki hiyo isitafutwe kwa kuwanyang'anya watu wa Mbarali.

Tunasema: ligi ikipanuliwa, ielekezwe mikoani, si Dar es Salaam, na kila mkoa uoteshe timu yake kuanzia wilayani. Timu si mzigo wa kupakiwa lori. Ni mali ya wananchi walioilea.