Kabla ya kununua programu ya malipo, ulizeni kikomo

Vyama vya ushirika na maduka mengi siku hizi yananunua programu za kompyuta za kuwalipa wakulima na kupokea fedha za wateja kwa simu. Ni hatua nzuri. Lakini liko jambo ambalo wauzaji wengi wa programu hizo hawaligusii wakati wa kuuza, nalo ni kikomo cha maombi.

Programu ya ushirika haina fedha ndani yake. Kwa kila malipo hutuma ombi kwenye mfumo wa benki au kampuni ya simu, kupitia mlango ambao mafundi huuita API. Mwenye mlango hupanga idadi ya maombi atakayopokea kutoka kwa mteja mmoja kwa sekunde, dakika au siku, ili asiwazibie wengine njia. Kikomo kikiwa maombi 60 kwa dakika na chama kina wakulima 600, kazi hiyo itachukua kama dakika kumi, hata karani abonyeze kwa hasira namna gani.

Anayezidisha hurudishiwa jibu lenye namba 429, iliyoingizwa katika taratibu za intaneti mwaka 2012. Jibu hilo linaweza kutaja sekunde za kusubiri. Programu nzuri hutii. Zisipotajwa, husubiri sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, huku malipo yaliyobaki yakikaa kwenye foleni. Programu mbovu hugonga tena papo hapo, na ipo mifumo inayomfungia kabisa mgongaji wa namna hiyo.

Hata hivyo, kukataliwa kuna nafuu kuliko kimya. Aliyepewa 429 anajua ombi lake halikushughulikiwa. Mtandao ukikatika kabla jibu halijafika, huenda fedha zimekwisha kuondoka, na kutuma tena ni kulipia gunia moja mara mbili. Kwa hiyo kila malipo yawe na namba ya kumbukumbu isiyobadilika yanapotumwa upya, ili upande wa pili uitambue. Kama mfumo wao hauna utaratibu huo, hali ya malipo iulizwe kwanza.

Tunawashauri viongozi wa ushirika na wenye maduka wasisaini mkataba kabla ya kuelezwa kikomo ni kipi, nani atagharimia kukiongeza, na programu hufanya nini ikirudishiwa 429. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Kisha programu ijaribiwe kabla ya msimu kwa orodha nzima ya wanachama, kwa fedha za majaribio. Jaribio la wakulima watano, ambalo wauzaji hulipenda sana, halionyeshi kitu.